Trekta la Mtumba Lisipowaka: Maswali Matatu ya Fundi wa Igunga

Novemba mwaka juzi baba yangu mdogo alinipigia simu kutoka Igunga. Baada ya salamu akauliza: "Wewe si ndiye unayesoma historia ya mashine huko chuoni? Hebu niambie, trekta likigoma kuwaka historia inasemaje?"

Mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

Alikuwa na sababu. Miezi miwili nyuma alikuwa ameuza ng'ombe 14, wakiwemo maksai wake wanne wa kulimia, akaongeza na akiba ya pamba ya misimu miwili, akanunua trekta dogo la mtumba Dar es Salaam. Lilikuwa limepakwa rangi mpya, linang'aa. Kule yadi lilipowashwa liliitika mara moja. Likapandishwa kwenye lori, likasafiri zaidi ya kilomita 800, likashuka Sekenke, likavuka mbuga ya Wembere, likashushwa nyumbani huku watoto wakishangilia. Kesho yake asubuhi ufunguo ulipogeuzwa lilisema "tak!" na kunyamaza.

Kwa wasioijua Igunga, hapo pana jambo la kueleza. Udongo mweusi wa mbuga una tabia zake. Kiangazi unakauka na kupasuka nyufa za kuingiza mkono. Mvua ikizidi unanata kwenye jembe, kwenye kwato na kwenye tairi mpaka kila kitu kinakwama. Katikati ya hali hizo mbili kuna siku chache ambazo udongo umelainika lakini haujageuka tope. Ndizo siku za kulima. Mvua za Tabora ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, kwa hiyo ukizikosa siku hizo huna vuli nyingine ya kujaribu tena. Maksai wameuzwa, trekta halina sauti, na mawingu yanajikusanya upande wa Manonga.

Fundi wa kwanza alikuja, akafungua hiki na kile, akasema ni pampu ya dizeli: ing'olewe, ipelekwe mjini. Bei aliyotaja ilikuwa sawa na ng'ombe wawili. Jirani akasema ni betri. Wakaazima betri ya lori, "tak!" ileile.

Nilipofika mwishoni mwa wiki nilimkuta fundi wa pili amekaa kwenye kigoda, mzee aliyetumia nusu ya maisha yake kwenye injini za kinu cha kuchambua pamba. Tukamwamkia "mwangaluka", akaitikia, akaendelea kukaa. Hakushika hata spana. Aliuliza maswali matatu tu:

"Limetoka wapi, na mara ya mwisho liliwaka lini?"

"Mmepima nini?"

"Tangu ligome, mmegusa nini?"

Usiku ule nilijikuta nikiyaandika. Maswali yale, ukiyachukua jinsi yalivyo, yanaeleza zaidi ya miaka 150 ya mashine zilizotumika kuingia katika nchi hii ya Wanyamwezi, na kwa nini baadhi zilifanya kazi na nyingine zikabaki chuma chakavu. Baba mdogo aliuliza historia inasemaje. Basi tumjibu.

Mtumba wa kwanza: gobore

Karne ya 19 njia ya kati ya misafara ilianzia pwani, Bagamoyo na bandari jirani, ikapita Ugogo, ikafika Tabora, kisha Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Kutoka Tabora tawi jingine lilipanda kaskazini kuelekea Ziwa Victoria. Ndilo alilopita Mwingereza Speke mwaka 1858. Wapagazi walikuwa wengi wao Wanyamwezi, na mzigo wa mtu mmoja ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 30 na ushee. Kushuka pwani walibeba pembe za ndovu. Kurudi bara walibeba vitambaa, shanga, waya wa shaba, na kadiri miaka ilivyosonga, bunduki na baruti.

Bunduki hizo zilikuwa mitumba. Majeshi ya Ulaya katika miaka ya 1860 na kuendelea yalikuwa yakibadilisha silaha: yaliacha bunduki za kushindilia mdomoni na kuchukua zile za kujazia nyuma. Zile za zamani ziliuzwa kwa bei ya kutupa, na maelfu kwa maelfu zikaishia Zanzibar na kupanda bara. Kiswahili kikazipa jina lao: gobore.

Gobore nalo lilikuwa likigoma. Lakini angalia lilivyotengenezwa. Linahitaji cheche (ya gumegume au ya fataki), baruti iliyo kavu, na kitundu kisichoziba cha kupitisha moto. Basi. Likikataa kulia, mwenye nalo aliweza kukagua vyote vitatu kwa macho na vidole vyake. Jiwe limeisha makali? Baruti imepata unyevu? Kitundu kimeziba masizi? Na nchi hii haikuwa ngeni kwa chuma. Wahunzi wa Usumbwa na Uzinza walikuwa wakiyeyusha na kufua majembe yaliyouzwa mpaka Tabora na kutumika kama mali ya kulipia mahari. Mtu anayefua jembe hatishwi na kitasa cha bunduki kilichopinda.

Kitu kimoja tu hakikuwa mikononi mwao: baruti ilitoka pwani. Mirambo, mtawala wa Urambo magharibi mwa Tabora, alipopigana na Waarabu wa Tabora kati ya 1871 na 1875, sehemu kubwa ya ugomvi ilikuwa ni nani ashike njia. Aliyefunga njia alifunga pia biashara na baruti. Bila baruti gobore ni fimbo nzito.

Kwa hiyo mtumba wa kwanza ulitufundisha mambo mawili. Mashine hurekebishika pale ambapo mtu anaweza kuona inavyofanya kazi. Na inaishi urefu uleule wa njia inayoiletea mahitaji yake.

Urambo tena: karanga na vifaru

Mirambo alifariki mwaka 1884. Miaka 63 baadaye, Urambo yake ikapokea mitumba ya aina nyingine.

Uingereza ilitoka kwenye Vita Kuu ya Pili ikiwa na njaa ya mafuta ya kula. Yaligawiwa kwa mgao. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi wa kampuni ya United Africa Company iliyokuwa chini ya Unilever, alitoa wazo: tulime karanga Afrika Mashariki, kwa mashine, kwa ukubwa ambao haujapata kuonekana. Serikali ikatuma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Baada ya wiki chache za kuzunguka, sehemu kubwa kwa ndege, ujumbe ulileta hesabu: ekari milioni 3.2, zigawanywe katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja, mengi yake Tanganyika. Gharama ilikisiwa kuwa karibu pauni milioni 24. Mwaka 1947 kazi ikaanza chini ya Wizara ya Chakula ya John Strachey, na mwaka 1948 ikakabidhiwa kwa Overseas Food Corporation. Vituo vilikuwa vitatu: Kongwa, Nachingwea na Urambo.

Mashine zitoke wapi? Viwanda vya matrekta wakati huo vilikuwa na foleni ndefu ya wateja, na trekta jipya zito lilikuwa halipatikani. Basi wakanunua masalia ya vita. Matrekta yaliyotumiwa na jeshi la Marekani yalinunuliwa mbali kama Ufilipino, yakasafirishwa kuvuka Bahari ya Hindi. Kiwanda cha Vickers-Armstrongs kikachukua vifaru aina ya Sherman, kikaondoa mizinga na kuvigeuza kuwa matrekta, vikaitwa Shervick. Yaani kifaru kilichojengwa kupigana kikaletwa kung'oa visiki Tanganyika.

Sasa mweke mzee wetu wa Igunga kwenye kigoda pale Kongwa mwaka 1947, aulize maswali yake.

*Limetoka wapi, na mara ya mwisho liliwaka lini?* Hakuna wa kumjibu sawasawa. Trekta la masalia ya vita haliji na kumbukumbu zake. Limefanya kazi saa ngapi? Mafuta ya injini yalibadilishwa lini? Liliachwa mvuani muda gani? Mengi yalipofika yalikuwa hoi. Mengine yaliwaka, yakafanya kazi siku kadhaa, yakakata roho. Spea zilikuwa shida: ukiwa na mashine za aina nyingi kutoka sehemu nyingi za dunia, kila moja inataka boliti yake, chujio lake na kitabu chake. Bandari moja, Dar es Salaam, na reli moja ya njia nyembamba ndizo zilitakiwa kupitisha kila kitu. Septemba 1947 wafanyakazi wa bandari waligoma kudai ujira, na mgomo ukasambaa mpaka kwenye reli. Ni hadithi ya baruti ya Mirambo tena: njia ikifungwa, chuma kinasimama.

*Mmepima nini?* Hapa ndipo panapouma. Mpango ulianza bila shamba la majaribio. Walisema hakuna muda. Dunia ina njaa, tuanze moja kwa moja. Kwa hiyo mambo ambayo shamba dogo la msimu mmoja au miwili lingeyaonyesha kwa bei nafuu yaligunduliwa kwa bei kubwa. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi uliochanganyika na mchanga mkali. Kiangazi unakuwa mgumu kama sakafu ya saruji, na mchanga ule unalamba chuma cha plau kama msasa. Karanga, kama tunavyojua, hukomaa chini ya ardhi. Ukishindwa kuichimbua kwa sababu ardhi imefunga, umelima bure. Tena mvua ya Kongwa haitabiriki, na kila mkulima wa Ugogo angewaambia hivyo kama angeulizwa.

*Mmegusa nini?* Kila kitu kwa mpigo. Ardhi mpya, mashine za mtumba zisizojulikana, madereva waliofundishwa kwa wiki chache, kambi za maelfu ya watu na reli mpya, vyote vilianzishwa pamoja. Kazi ilipokwama, nani angejua kosa liko kwenye injini, udongo, dereva, spea au ratiba? Ukibadilisha vitu kumi kwa wakati mmoja hujifunzi chochote kuhusu hata kimoja.

Lengo la msimu wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kiasi cha 7,500. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuachana na mpango huo, na hasara ikafutwa vitabuni: karibu pauni milioni 36.

Mtu akisoma habari hizi haraka anaweza kusema, "Kumbe mashine haifai Afrika." Si kweli, na mimi sikubaliani na usomaji huo. Matrekta yaleyale yalikuwa yamejenga barabara na viwanja vya ndege visiwani Pasifiki, yakiwa na mafundi, spea na mafuta nyuma yake. Walichonunua waandaaji wa mpango ni chuma peke yake. Na Wanyamwezi waliokuwa jirani na Urambo walikuwa wakilima karanga kwa jembe la mkono miaka mingi kabla ya Frank Samuel kupata wazo lake. Walijua ipandwe lini na ing'olewe lini. Ujuzi ulikuwepo, tena karibu tu. Haukuwekwa kwenye orodha ya manunuzi.

Urambo haikufa. Miaka ya 1950 Tanganyika Agricultural Corporation ilichukua kilichobaki, ikaanza kidogokidogo na wakulima wadogo, na eneo lile likageuka nchi ya tumbaku mpaka leo.

Mashine inayokula nyasi

Wakati vifaru vikisimama Kongwa, huku upande wa Igunga, Nzega na Usukuma kulikuwa na mapinduzi mengine ambayo hayakuhitaji waraka wa Bunge la London. Pamba ilikuwa inapanuka, na pamoja nayo plau ya kukokotwa na maksai. Plau ni mashine ambayo babu wa gobore angeielewa: jembe la chuma, ubao wa kugeuzia udongo, gurudumu, boliti chache. Jembe likiisha makali, mhunzi analifua. Boliti ikikatika, inapatikana dukani. Injini yake inakula nyasi, na ikizeeka inaliwa nyama.

Katikati ya miaka ya 1960, Victoria Federation of Co-operative Unions, muungano wa vyama vya wakulima wa pamba uliojengwa na Paul Bomani na wenzake mwaka 1955, nao uliingia kwenye matrekta kwa ajili ya mashamba ya pamoja ya pamba. Gharama zikazidi mapato, na mashamba yale hayakudumu. Mwalimu Nyerere katika miaka hiyo alirudia mara kadhaa hoja kwamba kwa mkulima wetu wa kawaida hatua kubwa ya kweli ni kutoka jembe la mkono kwenda plau ya ng'ombe. Wapo waliomwona anarudisha nyuma maendeleo. Mimi, baada ya kumwona baba mdogo akilitazama trekta lake kimya, namwelewa vizuri zaidi.

Lakini tuseme ukweli wote. Maksai wanataka malisho, na malisho Igunga yanapungua. Wanataka vijana wa kuwachunga, na vijana wako shule, jambo ambalo ni jema. Wanakufa kwa ugonjwa. Mwisho wa kiangazi, wakati wa kulima unapofika, ndipo wanapokuwa wamekonda kuliko wakati wowote. Baba mdogo hakuwa mjinga kununua trekta. Alifanya hesabu yake. Alichokosa ni kile kilekile walichokosa wakubwa wa Kongwa: alinunua mashine bila historia yake.

Turudi uani

Majibu yetu kwa yule mzee yalikuwa haya. Limetoka Dar, kabla ya hapo ng'ambo, mara ya mwisho liliwaka yadi. Hatujapima chochote, tumeazima betri tu. Na tangu ligome, fundi wa kwanza amefungua "vitu fulani" upande wa dizeli.

"Washa taa," akasema. Taa zikawaka, kali kabisa. "Geuza ufunguo." Tak! Na taa zikafifia ghafla kama mshumaa unaopulizwa.

Hapa watu wengi wanasema betri. Lakini betri ilishabadilishwa na hali ilikuwa ileile. Mzee akatoa kifaa chake cha kupimia: balbu ya taa ya nyuma ya gari, imeunganishwa nyaya mbili. Waya mmoja akaushikiza kwenye nguzo ya hasi ya betri, wa pili kwenye chuma cha injini. "Geuza tena." Balbu ikawaka.

Kwa nini hiyo ni habari kubwa? Hasi ya betri na chuma cha injini vinatakiwa kuwa kitu kimoja, vimefungwa pamoja kwa waya mnene ambao mafundi wanauita ethi. Kati yao hakutakiwi kuwa na volti za kuwasha hata kibiriti. Balbu ikiwaka, maana yake umeme unakwama pale kwenye ethi badala ya kufika kwenye stata.

Fikiria lango la zizi. Ng'ombe watano wakipita mmojammoja, lango jembamba si tatizo. Walete 200 kwa mkupuo, lango lilelile linakuwa balaa. Taa za trekta zinatumia kama ampea 5. Stata inaweza kutaka 200. Kanuni ya Ohm inasema volti zinazopotea ni mkondo mara ukinzani. Tuseme pale kwenye ethi kuna ukinzani mdogo tu wa omu 0.03. Kwa taa, 5 mara 0.03 ni volti 0.15, hutaona tofauti. Kwa stata, 200 mara 0.03 ni volti 6, nusu nzima ya betri ya volti 12! Ndiyo maana taa zinang'aa lakini stata inagonga tu na kunyamaza, na ndiyo maana betri mpya haikusaidia kitu.

Mzee akafungua boliti ya ethi. Chini yake: rangi. Ile rangi mpya nzuri iliyomvutia mnunuzi ilikuwa imepakwa mpaka kwenye sehemu ambayo chuma kinatakiwa kugusana na chuma, na chini ya rangi kulikuwa na kutu. Kule yadi boliti ilikuwa inauma kidogo, ikatosha. Kilomita 800 za kutikisika kwenye lori zikamaliza kile kidogo. Mzee akasugua kwa msasa mpaka chuma kikawa cheupe, akafunga kwa nguvu, akapaka grisi juu yake kuzuia unyevu.

Ufunguo ukageuzwa. Stata ikazunguka kwa kasi, watoto wakapiga kelele. Lakini injini haikuwaka.

Mzee alikuwa anatazama bomba la moshi. "Hakuna moshi hata kidogo," akasema. "Dizeli haifiki."

Injini ya dizeli haina plagi za cheche kama pikipiki. Inaminya hewa mpaka kufikia kama sehemu moja ya ishirini ya ujazo wake, na hewa iliyominywa hivyo inapata joto la zaidi ya nyuzi 500. Dizeli inayopulizwa humo inawaka yenyewe. Kwa hiyo inahitaji mambo mawili: izungushwe kwa kasi, ili joto lisipotelee kwenye kuta za silinda, na dizeli ifike kwa shinikizo kubwa sana kupitia noseli. La kwanza tulishalipata. La pili lilikuwa limeharibiwa na matengenezo. Fundi wa kwanza alipofungua chujio aliingiza hewa kwenye bomba na hakuitoa. Kimiminika hakiminyiki kwa urahisi, lakini povu la hewa linaminyika kama springi: pampu inasukuma, povu linajikunyata, noseli haifunguki. Pampu ilikuwa nzima. Ng'ombe wawili wangeuzwa kwa ajili ya mapovu.

Mzee akalegeza skrubu ndogo juu ya chujio, akapiga pampu ya mkono. Likatoka povu jeupe, likatoka tena, kisha dizeli safi isiyo na pumzi ndani yake. Akakaza. Akafanya vivyo hivyo kwenye nati za noseli. Jaribio la tatu injini ikakohoa moshi mweupe, ikakohoa tena, ikawaka.

Nilidhani kazi imeisha. Mzee alikuwa ameinama chini ya kanyagio la klachi. Huko kuna swichi ndogo ya usalama: usipokanyaga klachi, stata haipati umeme. Hata zile mashine za kukatia nyasi za kukalia, zinazoonekana kwenye viwanja vya gofu, zina swichi za namna hiyo mpaka chini ya kiti, ili zisiwake bila mtu. Kwenye trekta letu nyaya mbili za swichi zilikuwa zimeunganishwa moja kwa moja na kuzungushiwa utepe. Mtu fulani, miaka fulani iliyopita, nchi fulani, swichi ilimsumbua akaikwepa. Hakuna aliyemwambia mnunuzi.

"Hili ukiliwasha likiwa kwenye gia, linaruka," mzee akasema, akiwatazama watoto waliokuwa wamekaa mbele ya gurudumu. "Mimi siondoki limekaa hivi." Swichi mpya ilinunuliwa kesho yake. Ilikuwa kitu cha bei ndogo kuliko vyote vilivyozungumzwa wiki ile.

Jibu kwa baba mdogo

Basi historia inasema hivi, baba mdogo. Mashine iliyotumika inafika ikiwa imebeba maisha yake ya nyuma: rangi inayoficha kutu, swichi iliyokwepwa, saa za kazi zisizoandikwa popote. Gobore lilivumilika kwa sababu maisha yake yote yalionekana kwa macho. Matrekta ya karanga yalishindwa kwa sababu walionunua hawakuuliza yametoka wapi, hawakupima kabla ya kuanza, na waligusa kila kitu kwa pamoja. Na ukiona mtu mwenye spana ameanza kufungua kabla ya kuuliza, mzuie kwanza.

Mvua kubwa ilinyesha siku nne baadaye. Trekta lililima, si ekari zote alizokusudia, lakini za kutosha pamba na mtama. Msimu ulipoisha baba mdogo alinunua maksai wawili. Nilipomuuliza kama hana imani na trekta akasema imani anayo, ila imani nayo inataka spea.

Mzee fundi alikataa soda ya pili, akaomba daftari la shule. Akalikabidhi kwa binti wa baba mdogo, aliye kidato cha pili, akamwambia kila trekta likiguswa aandike: tarehe, nani kaligusa, kafungua nini, kabadilisha nini. Nimeliona daftari hilo mwaka huu. Ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wa kujitahidi, umeandikwa: "Ethi ilikuwa na rangi. Imesuguliwa. Limewaka."